Naomba ushauri: kula chakula cha wenyeji Guangzhou, na karai la nyumbani linalotoa bokoboko

Mchuuzi_Kkoo
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, kufuata mzigo. Kila nikifika huko wenyeji wangu wananipeleka kula ugali na samaki kwa Waafrika wenzetu. Ugali ninao Kariakoo! Safari hii nataka kula wanachokula wenyewe, ila mimi ni Muislamu na sahani nisiyoijua inanitia wasiwasi.

La pili ni la nyumbani. Mke wangu anapenda sana wali wa kukaanga wa Kichina. Tukipika wenyewe, mboga zinatoa maji na wali unakuwa bokoboko. Tatizo ni karai, moto au nini? Tuna jiko la gesi la mezani na la mkaa.

Baharia_Tanga
Kaka, anzia Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika na Waislamu wengi, halafu tafuta maandishi haya: 清真. Maana yake ni chakula halali cha Kiislamu, na mara nyingi kibao ni cha kijani. Vimigahawa vya tambi za Lanzhou vipo mitaa mingi. Fundi anavuta donge la unga kwa mikono mbele yako mpaka linakuwa nyuzi, anazichemsha, anamwagia supu ya ng'ombe yenye figili nyeupe, giligilani na mafuta ya pilipili. Bakuli moja asubuhi linakubeba mpaka mchana kwenye mabanda.

Jioni nenda kwa Wauyghur, Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China. Agiza mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na mkate wa tanuri. Mkiwa watu watatu au wanne ombeni sinia la kuku na viazi, chini yake wanaweka tambi pana zinazonyonya mchuzi. Nimekula vyakula vingi Asia, na bado hilo sinia naliota.

Usiogope menyu, nyingi zina picha. Na kabla hujaondoka unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, maana vibandani wengi wanalipwa kwa simu.

Nuru wa Guangzhou
Naongezea kwa sababu ndugu yetu amesema wazi kuwa ni Muislamu. Kukwepa nyama ya nguruwe peke yake hakutoshi. Kwenye migahawa ya kawaida mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na samaki au kuku akalowekwa kwenye mvinyo wa mchele. Kwa hiyo hata sahani ya mchicha iulizie. Tambi pana za mchele zilizokaangwa na nyama ya ng'ombe ni fahari ya Guangzhou, lakini uzile kwenye mgahawa wa 清真, usizile popote tu.

MamaTausi_Mombasa
Mwanangu, mimi nitajibu la jikoni.

Adui yako ni maji. Maadamu kuna maji ndani ya karai, moto hauvuki joto la kuchemka, kwa hivyo mboga zinachemka badala ya kukaangika. Wapishi wa Kichina wana majiko yenye moto mkali zaidi ya wetu mara kadhaa, ndiyo maana wanaweza kutia vingi kwa mpigo. Wewe pika sahani mbili kwa wakati, zisizidi. Osha mboga mapema uzikaushe kwa kitambaa. Karai lipate moto mpaka lianze kutoa moshi, ndipo utie mafuta.

Wali upikwe bila tui, maji yapungue kidogo. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha ulale ndani ya friji. Usiuache mezani usiku kucha kwa joto letu hili, wali uliolala nje huumiza tumbo.

Nyama ikate nyembamba kukata nyuzi, changanya na soya sosi na kijiko cha wanga wa mahindi, ule mweupe laini. Kaanga nyama, itoe. Yai, litoe. Mboga ngumu kama karoti zitangulie. Halafu wali, ubonyezebonyeze kwa upawa mpaka kila punje ijitenge, ndipo vyote virudi. Soya sosi imwage pembeni mwa karai, si juu ya wali, ipate kuungua kidogo. Ile harufu ya moshi mnayoitafuta, sehemu yake inatoka hapo.

Mchuuzi_Kkoo
Mama, shikamoo, na asante sana. Karai letu ni la aluminiamu. Ninunue la huko?

MamaTausi_Mombasa
Marahaba. Nunua la chuma chepesi, lisilo na rangi ya kuzuia kushika, maana rangi ile haifai kwa moto mkali. Ukifika nyumbani lisugue, lichome mpaka chuma kigeuke rangi ya samawati, lipake mafuta membamba, lichome tena. Baada ya kupika lioshe kwa maji moto, likaushe juu ya jiko, lipake mafuta. Likiachwa na maji litashika kutu.

Fundi_Chipsi
Na chukua la kitako cha mviringo, mkuu. Kwenye gesi ya mezani litayumba, lakini kwenye jiko la mkaa linakaa sawasawa na moto unalizunguka. Sisi wa chipsi tunatumia mkaa miaka yote. Washa mkaa uive kabisa, pepea, kisha kata kila kitu uweke karibu na mkono kabla hujatia mafuta. Ukishaanza, hakuna nafasi ya kutafuta kitunguu.

Nuru wa Guangzhou
Karai libebe kwenye begi la kupakia chini ya ndege. Ndani yake jaza nguo, lisile nafasi.