Naombeni ushauri: nataka mvinyo mwekundu wa shamba langu tu, wa kwanza umegeuka siki

Mjukuu wa Mpunguzi:
Mbukwenyi wakuu. Nina ekari moja na nusu ya zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Ni Makutupora nyekundu, mizabibu ina miaka sita. Siku zote nilikuwa nauza zabibu mbichi. Masika iliyopita kreti zangu zikakaa siku mbili juani nje ya geti la mnunuzi, nusu zikarudishwa eti zimeharibika. Nikasema basi, nasindika mwenyewe.

Mwezi wa tatu nikaponda kilo 120 kwenye pipa la bluu. Tuliminya kwa mikono, vikonyo tukatoa, maganda tukaacha. Siku ya pili likaanza kuchemka lenyewe, yaani kuchachuka bila moto, harufu tamu kabisa. Siku ya nne nikapata msiba Kondoa, nikakaa huko siku tano. Narudi, nafunua: maganda yamepanda juu yamekauka yakapasuka kama tope la bwawani, vile vidudu vya kwenye ndizi vimejaa, na harufu ni ya rangi ya kucha. Nilichokamua, lita 70 na kidogo, mama watoto anatia kwenye kachumbari.

Sasa nakaribia kuvuna tena. Nilikosea wapi? Hamira ya maandazi inafaa? Halafu jirani ananipa kilo 200 za Syrah, zabibu nyekundu za aina nyingine, kwa mkopo. Nikichanganya napata mzigo wa maana, ila nilitaka chupa ibebe jina la shamba la babu.

Chiku Hombolo:
Pole na msiba, kaka. Na pole na pipa pia.

Kilichokuponza ni yale maganda. Maji ya zabibu yakichemka, gesi inayasukuma juu yanakuwa kofia. Kofia ikikaa pale kavu, bakteria wa siki wameshapata kileo, joto na hewa, wanataka nini tena? Ndiyo maana tunaizamisha asubuhi, mchana na jioni, na mtu wa kuzamisha hasafiri. Akisafiri anaacha mtu.

Kuzamisha ndiko kunakotoa rangi pia. Chukua zabibu moja nyekundu uiminyie kiganjani, maji yake karibu hayana rangi. Wekundu na ule ukakasi unaokaza ulimi viko kwenye ganda. Acha siku 7 hadi 10, onja kila siku. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, ikishuka kwenye 1.000 au chini yake, kamua. Hapo hamisha kwenye chombo kijae mpaka shingoni, kifuniko kitobolewe, mpira wa hewa uzame kwenye chupa ya maji. Nafasi tupu juu ya mvinyo ni siki inayosubiri. Wiki mbili baadaye hamisha tena, acha mashapo chini.

Hamira ya maandazi itaanza kwa fujo halafu ichoke kileo kikipanda, na inaacha harufu ya mkate. Tafuta ya mvinyo, gramu 20 hadi 25 kwa lita 100. Siku ya kuponda tia salfaiti, ile dawa ya kuzuia vijidudu, gramu 5 kwa lita 100, kesho yake ndiyo hamira. Pima kwa mizani ya sonara, usikadirie kwa kijiko.

Mzee Kisu cha Kupogolea:
Mnazungumzia pipa, mimi naanzia shambani. Mwezi wa tatu sukari ilisoma ngapi?

Mjukuu wa Mpunguzi:
18 kwenye rifraktometa ya kuazima, kile kipimo cha sukari, mzee.

Mzee Kisu cha Kupogolea:
Basi hata usingekwenda Kondoa ungepata mvinyo mwembamba wa kileo kama asilimia 10. Sisi huku mzabibu haulali, tunaupogoa, miezi minne hivi baadaye tunavuna, mara mbili kwa mwaka. Ila mavuno hayo mawili si ndugu. Ya masika yamenyeshewa, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, umepita, mtu anavuna haraka kwa kuogopa kuoza. Ya kiangazi maji unayatoa wewe kwa kipimo, usiku una baridi. Subiri sukari isome 23. Wiki za mwisho punguza maji.

Ukisubiri sana nalo ni tatizo, uchachu unashuka, mvinyo unakuwa bwege na hautunziki. Pima na pH, namba inayopanda uchachu ukishuka, ikizidi 3.7 kawaone TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, zabibu ndiyo kazi yao.

Dogo wa Kariakoo:
Changanya tu mkuu. Mnywaji wa Dar anajua shamba la babu yako?

Chiku Hombolo:
Kuchanganya si dhambi, mivinyo mingi mizuri imechanganywa. Dhambi ni kuchanganya halafu kuandika shamba moja.

Mpishi Dijon:
Niko Ufaransa, mkoa wa Burgundy, huku mvinyo wa shamba moja ndio jambo lenyewe. Romanée-Conti, shamba linalotajwa kuliko yote, ni hekta 1.8 tu, kama ekari nne na nusu. Clos de Vougeot ni hekta 50 na ina wenyewe wapatao 80, kila mmoja na mistari yake. Kwa hiyo udogo usikutishe. Ila kabla hujaweka lebo yoyote, pita TBS, shirika la viwango.

Mjukuu wa Mpunguzi:
Asanteni sana. Nimetoka shambani sasa hivi. Upande wa korongoni sukari 19, upande wa kichuguu 21, shamba hilo hilo moja! Nitavuna kwa siku mbili tofauti. Syrah ya jirani nachukua, lakini itachemka kwenye pipa lake.

Dada Chiku, mti wa kuzamishia maganda, nina kipande cha mninga. Unafaa?

Chiku Hombolo:
Mninga utakutolea rangi yake. Nunua kibao kipya cha plastiki cha kukatia mboga, kitoboe matundu, kifunge kwenye mpini safi. Na msiba ukitokea, mwachie mama watoto zamu, siyo kachumbari.