Tupeane uzoefu: ulichaguaje kati ya beji na krimu zinazofanana?

Mleta uzi, Kibaha
Habari wakuu. Nyumba imefikia hatua ya kumalizia. Kuta zimeshalainishwa kwa skimming, dari ya gypsum imeshapigwa nyeupe, nimebaki na kadi ya rangi mkononi. Mama watoto anataka beji, na mimi nataka beji. Ugomvi ni beji ipi, maana kwenye kadi zimepangwa mstari mzima na kila mtu anayepita anasema "hizi si ni zilezile?" Waliopitia hili tupeane uzoefu. Naomba visa vya kuta zenu wenyewe, picha za mitandaoni nimeshaangalia mpaka macho yanauma.

Fundi wa rangi, Mwanza
Mkuu, ukiitazama mojamoja kila beji ni beji. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, ile ya kuchapia, utaona zinajitenga zenyewe. Moja ina uwaridi, nyingine njano, nyingine kijani kwa mbali, nyingine kijivu.

Siku ukienda dukani simama karibu na mashine ya kuchanganyia. Hakuna kopo lililozaliwa beji. Wanachukua rangi nyeupe ya msingi, mashine inadondoshea wino wa njano ya udongo, mweusi, na mwekundu kiasi. Huo mwekundu ukizidi kidogo tu, jioni ukuta unakuwa wa waridi. Ndiyo maana ndoo mbili za namba ileile zilizochanganywa siku tofauti zinaweza kupishana. Mimi ndoo zote za chumba kimoja nazimimina kwenye pipa safi, nakoroga, ndipo naanza. Mteja mwingine ananiona nampotezea muda, ila sijawahi kuitwa kurudi kwa sababu ya ukuta wenye mabaka.

Mama wawili, Mbezi
Kwetu walioamua ni marumaru. Zilishawekwa sebuleni, krimu yenye mishipa ya waridi. Mimi nilipenda beji moja tulivu, kumbe ina ukijani ndani. Fundi akapaka kipande cha plywood, akakisimamisha sakafuni kando ya marumaru. Jamani! Beji ikaonekana kama ina vumbi, na marumaru zikawa za waridi kuliko siku zote. Tukachukua ile yenye uwaridi ambayo kwenye kadi hakuna aliyeitaka, shemeji hata aliiita rangi ya plasta ya kidonda. Ukutani imekaa vizuri sana. Kopo la rangi unanunua jingine, marumaru nani atazibandua?

Mpangaji, Nairobi
Wadau, angalieni balbu kwanza. Nyumba niliyohamia mwenye nyumba aliipaka krimu nzuri tu, mchana inapendeza, usiku sebule ilifanana na zahanati. Nilikuwa nishaanza kuulizia bei ya rangi. Mzee mmoja jirani akaniambia nisome maandishi ya kwenye balbu: 6500K. Huo ni mwanga mweupe unaoelekea bluu, unakula joto lote la krimu. Nikaweka za 3000K, ukuta uleule ukarudi kuwa na uhai. Jikoni nimeacha nyeupe, nataka kuona mawe kwenye maharage.

Mleta uzi
Hapo kwenye balbu umenigusa. Zangu zote ni hizo nyeupe, nilinunua kwa boksi.

Mwalimu, Morogoro
Naongezea jua. Huku kwetu kusini ya ikweta, mwezi Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini. Chumba changu cha kulala dirisha linatazama kusini, tulijaribu rangi katikati ya mwaka na beji yenye kijivu ilionekana imezubaa. Mke wangu akasema tuchukue yenye njano. Katikati ya mwaka ni sawasawa kabisa. Desemba jua likipiga ndani inawaka kidogo, pazia linamaliza kazi. Dirisha lako likitazama mwembe au ukuta wa jirani uliopakwa bluu, jua linaporudi ndani linaleta na hiyo rangi. Hilo kadi haikuambii.

Mbongo, Minnesota
Huku kila rangi ina namba inayoitwa LRV, kiasi cha mwanga inaorudisha: 0 ni nyeusi tupu, 100 ni nyeupe tupu. Nilikuwa kati ya mbili za kampuni ya rangi ya Sherwin-Williams, Accessible Beige (58) na Kilim Beige (57). Kwa mwanga ni mapacha, lakini ya kwanza ina kijivu na ya pili inaelekea pichi. Chumba changu kinatazama kaskazini, majira ya baridi jua haliingii kabisa, na ile ya kwanza iligeuka kijivu mchana kweupe. Nikachukua Kilim. Namba inasaidia kujua chumba kitakuwa na giza au la, haikusaidii kuchagua beji.

Unguja
Sisi wa nyumba za mawe Mji Mkongwe tusidanganywe na rangi za plastiki, ukuta unatoa unyevu na rangi inavimba. Nimebaki na chokaa iliyotiwa udongo wa njano. Ikiwa mbichi inatisha kwa ukolezi, ikikauka inafifia sana.

Mleta uzi
Fundi wa Mwanza, nikijaribu kwa plywood, kipande kiwe ukubwa gani? Na nipake moja kwa moja ukutani haifai?

Fundi wa rangi, Mwanza
Nusu mita kwa nusu mita kinatosha, paka mara mbili, ukingo uuache mweupe pande zote. Ukutani inakubali, ila haitembei. Plywood unaihamisha kona yenye giza, karibu na dirisha, nyuma ya kochi. Isubiri ikauke kabisa, maana emulsion, hii rangi ya maji ya ukutani, ikikauka hukolea kidogo. Halafu iangalie saa mnazokaa sebuleni. Kama mnarudi kazini saa moja usiku, saa sita mchana ya nini? Na hiyo plasta mpya, imemaliza mwezi?

Mleta uzi
Wiki tatu.

Fundi wa rangi, Mwanza
Basi endeleeni kubishana na mama watoto, muda bado mnao.