Naomba ushauri: uso wa gitaa langu la kwanza unavimba

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninaunda gitaa langu la kwanza kwa mkono; shingo nimeichonga kutoka mguu wa kitanda kikuukuu cha mninga, na uso nimeutoa kwenye mbao za msonobari za kreti, nikazipiga randa hadi milimita 3. Nilipokaza nyuzi za chuma, uso uliinuka nyuma ya daraja (kile kipande cha usoni kinachobeba nyuzi), hata rula nikiilaza hapo huyumba na kuacha mwanya wa kupita sarafu. Nimegundisha taruma mbili (vijiti vya kuimarisha uso) za kukingama kwa ndani, lakini uvimbe umepungua kidogo tu, na sauti, ambayo awali ilinifurahisha mno, imefifia. Je, nizibandue niweke taruma zinazopishana kama herufi X, au nihamie nyuzi za nailoni, ambazo mvuto wake ni mdogo?