Mizuka ya Uingereza: kati ya Glanvill na Hobbes, nani alikuwa mwanasayansi?

Mleta mada: Wakuu, tumezoea kusimuliwa kwamba sayansi ilipoingia Uingereza karne ya 17, mizuka ikatoka nduki. Mimi nakataa. Aliyeitetea mizuka kwa nguvu ni Joseph Glanvill, kasisi aliyeingia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1664. Huko Tedworth, kijiji cha Uingereza, mwenye ardhi John Mompesson alimnyang'anya mzururaji mmoja ngoma yake. Baadaye ngoma ikawa inasikika nyumbani kwa Mompesson usiku bila mpigaji. Januari 1663 Glanvill akaenda mwenyewe. Akasikia mikwaruzo kwenye kitanda cha watoto, akapapasa nyuma ya mto, akachungulia uvunguni. Hola. Kwenda, kupekua, kuandika: hiyo si sayansi? Mwanafalsafa Thomas Hobbes, aliyeikana mizuka, hakuhitaji kutoka nyumbani. Mwaka 1651 alishaamua kwamba "roho isiyo na mwili" ni maneno yanayojipinga, basi kesi imekwisha.

Bibi Mkubwa: Mnaisahau toharani, mahali roho za marehemu husafishwa kabla ya kwenda mbinguni. Zamani mzuka ulikuwa na kwao: roho ya marehemu imetoka toharani kuomba misa. Kanisa la Uingereza lilipoifuta toharani, mzuka ukakosa pa kutokea. Wasomi wa Kiprotestanti wakasema ni shetani, au ni ujanja wa mapadri. Reginald Scot alishazicheka hadithi hizi mwaka 1584, Royal Society haijazaliwa. Na yule John Webster aliyempinga Glanvill mwaka 1677 aliamini maiti ya aliyeuawa hutoka damu muuaji akiikaribia! Huyo naye mtampanga kambi gani?

Nyundo: Webster mpangeni popote, mimi nina shida na Glanvill. Alikwenda Tedworth na jibu mfukoni. Hofu yake ilijulikana: anayekana mizuka leo, kesho atamkana Mungu. Mtu wa hivyo ni wakili, si mchunguzi. Halafu jamani, mikwaruzo inatoka kitandani, na kitandani wamelala watoto wawili. Hamjawahi kuwa watoto?

Mleta mada: Nyundo, hilo aliliona. Ameandika kwamba mikono ya wale mabinti ilikuwa nje ya shuka, anaiona kwa macho yake.

Nyundo: Na miguu?