MJADALA: Mkimbizi mwenye kiwewe, aanze na ushauri nasaha au kibali cha hifadhi?

Nahodha: Wakuu, mtu amekimbia vita, usiku halali, mlango ukibamizwa anaruka. Mimi nasema ushauri nasaha kwanza, kibali kitafuata. Ule utafiti wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Uganda, uliotoka 2020, wanawake wa Sudan Kusini walisikilizishwa mafunzo ya kukabili msongo yaliyorekodiwa, vikao vitano tu, wasimamizi si madaktari, na msongo ukapungua.

Kipepeo: Ulipungua, ndiyo. Ila nafuu ilikuwa kubwa mara tu mafunzo yalipoisha, miezi mitatu baadaye ikawa ndogo. Maisha yenyewe hayakuwa yamebadilika.

Mzee wa Kona: Mnasahau kuna wanaoigiza. Leo anasema walikuja askari sita, kesho anasema kumi. Ofisa agonge mhuri tu?

Binti Shaka: Kaka, hilo la kuigiza limenichoma. Nimekalimani kwenye mahojiano ya waomba hifadhi kwa miaka. Mama anaulizwa mumewe alichukuliwa lini. Ananyamaza, anakunja ncha ya mtandio, anataja mwezi. Baada ya mapumziko anaulizwa tena, anataja mwezi mwingine. Inaandikwa: maelezo yanapingana. Wewe ungekumbuka?

Mzee wa Kona: Dada, sijamtaja mama yeyote. Nazungumzia utaratibu, usinibebeshe ukatili.

Binti Shaka: Utaratibu ndio uliomkataa.

Tabibu: Niongeze hapo. Uingereza, 2002, watafiti waliwahoji mara mbili wakimbizi wa Kosovo na Bosnia ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kuishi, yaani uongo usingewapa chochote. Maelezo yao bado yalitofautiana. Kwa wenye dalili nzito za kiwewe, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu ndivyo tofauti zilivyozidi.

Mzee wa Kona: Kwa hiyo kila anayejichanganya ni mkweli?

Tabibu: Nani kasema? Kujichanganya peke yake si ushahidi wa uongo. Soma nilichoandika.

Nahodha: Jamani, tumetoka kwenye mada. Niliuliza kuhusu tiba.

Kipepeo: Hatujatoka, Nahodha. Uholanzi, kama sikosei 2004, waliwapima Wairaki walioomba hifadhi. Waliosubiri zaidi ya miaka miwili walikuwa na maradhi ya akili zaidi kuliko waliokuwa na chini ya miezi sita tangu wafike. Unamfundisha mtu kupumua taratibu huku kila barua mlangoni inaweza kuwa ya kumrudisha alikokimbia!

Nahodha: Na akipata kibali bila kutibiwa? Wapo wenye makaratasi yote na bado hawatoki ndani. Hilo mnalikwepa.

Tabibu: Wapo, kweli. Lakini aliyeomba tuchague kimoja ni wewe.

Mzee wa Kona: Kesi ziharakishwe, hapo niko nanyi. Ila mjue haraka huleta na majibu ya hapana.

Binti Shaka: Hapana ya haki tutaipokea. Mzee, nakuuliza tena, maana umepita pembeni: yule mama aliyetaja miezi miwili, kwako anaigiza?

Mzee wa Kona: Sikuwepo chumbani, dada.

Binti Shaka: Mimi nilikuwepo.