Kupekua jina la bidhaa kabla ya kusajili: mwenyewe BRELA, hifadhidata ya WIPO au wakili?

Viungo_Moro: Wakuu, habari zenu. Naanza kufungasha viungo vya pilau na chai, nitauza Morogoro na Dar, baadaye Unguja na Mombasa. Jina nililolipenda ni "Ladhanji". Nimeingia kwenye mfumo wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni Tanzania), upande wa majina ya biashara halipo. Mchapishaji wa pakiti ananisubiri. Nimemaliza, au bado? Na kama bado, nipekue mwenyewe au nimpe wakili?

DadaWaSheria: Usichapishe, ndugu yangu. Jina la biashara na alama ya biashara (jina au nembo inayotambulisha bidhaa) ni madaftari mawili yenye sheria mbili, ingawa yote yanasimamiwa na BRELA. La kwanza linaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Haki ya kumzuia mwingine asiliweke kwenye pakiti yake inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Mwenye alama hiyo anaweza kuwapo na wewe usimwone kabisa huko ulikotafuta.

Pekua kwa daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma. Mfumo wa Nice, wa kimataifa wa kuyapanga makundi hayo, una madaraja 45: 34 ya bidhaa, 11 ya huduma. Viungo, chai na kahawa viko daraja la 30. Kama una ndoto ya mgahawa kwa jina hilohilo, tazama na la 43.

Kariakoo_Jumla: Mimi ningeanza na Global Brand Database ya WIPO, shirika la dunia la haki miliki. Ni bure, na hata picha ya nembo unaipakia ikutafutie zinazofanana nayo. Nzuri sana kwa kuchuja majina ukiwa bado na matatu manne mkononi. Ila si madaftari ya nchi zote yamo humo kikamilifu, kwa hiyo jina kukosekana huko hakukuhakikishii kwamba BRELA halipo.

Halafu pita sokoni na Instagram. Mtu anayeuza kwa jina fulani miaka mingi bila kulisajili bado anaweza kukushtaki kwamba unauza kwa mgongo wake.

DadaWaSheria: Kweli kabisa. Na jamani, msitafute herufi kwa herufi tu! Msajili anaangalia kama mnunuzi atachanganyikiwa, kwa macho na kwa masikio. Wateja wengi "dh" wanaitamka "z", basi andika pia Lazanji, Ladanji, Ladha Nji. Hapa ndipo wakili mzoefu anapostahili malipo yake: kukuambia kama jina la jirani limekaribia mno. Kutafuta kwenyewe unaweza.

Mvita_Biashara: Kwa Mombasa, usajili wa Tanzania haukulindi. Huku Kenya alama ziko KIPI, taasisi ya mali za viwandani, na jina la biashara ni BRS, ofisi ya usajili wa biashara, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen; ni ofisi tofauti kabisa. Pale KIPI jaza fomu TM 27 uombe upekuzi na ushauri wa awali. Majibu ni ya maandishi, nayaamini kuliko kubahatisha mtandaoni.

Forodhani: Na Unguja usiisahau. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa biashara na mali, BPRA, na sheria yake. Usajili wa BRELA unaishia Bara.

Viungo_Moro: Asanteni sana. Nilikuwa na jina la akiba, "Viungo Bora". Si lingekuwa rahisi zaidi?

DadaWaSheria: Hapana, hilo liache. Linaeleza bidhaa tu, na kila muuza viungo ana haki ya kusema hivyo. Ladhanji lina nguvu zaidi. Chuja WIPO leo, kisha omba upekuzi rasmi BRELA daraja la 30. Matokeo yakileta jina la kukaribiana, hapo ndipo umtafute wakili. Na ukishaomba usajili, ombi hutangazwa kwenye jarida, watu wana siku 60 za kupinga. Oda kubwa ya pakiti ingoje zipite. Ukisajiliwa una miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10.

Kariakoo_Jumla: Kwa sasa chapa stika chache za kuuzia mzigo wa majaribio, tena baada ya majibu ya upekuzi.