Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda misheni ng'ambo, ni nini hamkuambiwa mapema?

Katibu wa Safari, Nakuru
Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu hapa Nakuru tunatuma watu 9 Madagascar, wiki mbili, mwezi wa nane, na mimi ndio nimewekwa katibu, nadhani ni kwa sababu niko na laptop. Mikutano tumefanya mitatu na yote mitatu tumeongea tisheti. Rangi ya tisheti, maandishi ya mgongoni, nani atapunguza bei. Nikauliza pasipoti za watu ziko aje, kimya, halafu mama mmoja akasema yake iko kwa sanduku la mzee wake ushago na funguo ako nayo mzee. Sasa nimekuja kwenu mliotangulia. Mafundisho tuko nayo ya kutosha, nataka story zenu, penye iliingia na penye ilikataa.

Nyar Kisumu
Haki katibu wacha tisheti, uliza chanjo. Mimi nilikuwa niende India, tulialikwa na kanisa moja Chennai, siku 10. Kila kitu sawa, viza iko, tiketi iko. Chanjo ya homa ya manjano nikaiweka mwisho nikijua ni sindano tu, nikadungwa Jumatatu na ndege ilikuwa Ijumaa. Kumbe ile cheti inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano! Na India hawachezi na mtu ametoka Kenya, ukifika bila cheti halali wanakufungia mahali mpaka siku 6 wakikuangalia. Dada wa kaunta Nairobi akashika kadi yangu, akahesabu na vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano... akarudia tena, akaniangalia kwa huruma. Wenzangu wakapita, mimi nikabaki na begi kilo 23 na ndani kuna omena ya zawadi.

Sasa aibu yenyewe haikuwa airport. Nilikuwa nimeombewa mbele ya kanisa nzima, nimewekewa mikono, nimetolewa sadaka ya kwaheri, wamama wamelia, na Jumapili iliyofuata jioni niko Kondele hapa Kisumu nachagua nyanya. Mtoto wa jirani akapiga kelele barabarani, "Auntie, India imeisha?" Nilikaa wiki mbili nikipitia njia ya nyuma. Uzuri hiyo cheti tangu 2016 ni ya maisha yote, kwa hivyo nilipoenda mwaka uliofuata sikudungwa tena. Na wanaoenda India waulize viza mapema pia, wako na viza yao ya wamisionari, usiende na ya utalii halafu ushike maikrofoni.

Mwalimu wa Bungoma
Pole dada, nimecheka na si vizuri.

Yangu ni pesa. Tulikuwa wanne, tunaenda Uingereza kwa kanisa ambalo tumeshirikiana nao miaka mingi. Tukafanya harambee, ikaenda vizuri kuliko tulivyotarajia, 380,000, na mweka hazina akasema ziwekwe kwa akaunti yangu sababu mimi ni mwalimu nina payslip. Sasa fikiria akaunti ya mwalimu, mshahara unaingia tarehe fulani na kufikia tarehe tano ni kama maji kwa ungo, alafu ghafla wiki moja inaingia laki tatu na ushee. Wiki mbili baadaye naomba viza. Barua ilikuja ukurasa mmoja na nusu, kwa kifupi walikuwa wanasema hizi pesa hazielezeki zimetoka wapi na si mazoea ya hii akaunti. Na ile ada ya viza huwa hairudi. Hiyo jioni niliichukia hiyo barua lakini nikiisoma saa hii, mtu wa pale hajui harambee ni nini, ameona tu hesabu.

Mara ya pili tulibadilisha. Pesa zikakaa akaunti ya kanisa na kumbukumbu za mkutano wa harambee zikaambatanishwa, wenyeji wakaandika barua kwamba malazi ni yao, na mimi nikapeleka statement zangu vile ziko, umaskini wangu wote wa miezi sita. Ikapita.

Mzee wa Vihiga
Vijana, mimi sijawahi panda ndege. Mimi ni wa kupokea. Kwetu wageni wa misheni kutoka Marekani wamekuja mara nyingi, watu wazuri, wana upendo. Lakini kanisa letu lilipakwa rangi na kikundi kimoja mwezi wa sita, na mwaka uliofuata kikaja kingine na ndoo zao, nao wakataka kupaka ukuta. Ukuta ni ule ule! Tukawaacha wapake kwa sababu mgeni hakatazwi kazi. Kile tulikuwa tunataka ni mifereji ya kuingiza maji ya mvua kwa tangi, tangi lilikuwa pale limekauka, lakini hakuna aliyetuuliza na sisi tukaona haya kusema.

Na jambo lingine. Siku ya kuwakaribisha tulichinja kuku, kiongozi wao tukampatia firigisi. Mnajua firigisi kwetu haipewi mtu hivi hivi. Yeye akaitazama, akatabasamu, akampa mtoto aliyekaa karibu naye. Wazee wakaangalia chini. Hakukosea kwa ubaya, hakuna mtu alimwambia. Wale wamisionari watatu wa Friends (Quaker) waliofika Kaimosi 1902 walikuja kukaa, na mtu wa kukaa atajifunza pole pole, lakini nyinyi wa wiki mbili hizo vitu mtajua saa ngapi msipouliza kabla hamjatoka?

Katibu wa Safari, Nakuru
Mzee umenishika. Kwa bajeti tuko na rangi ya kupaka darasa lita 60. Sijui nani alisema wanataka rangi. Wacha nipige simu.

Dada wa Busia
Mimi Madagascar nimeenda so skiza katibu. Mwezi wa nane Antananarivo ni BARIDI, ni huko juu milimani na ndio msimu wao wa baridi, nyinyi wa Nakuru mtavumilia lakini mimi wa Busia nilikuwa nimebeba leso na kandambili nikijua ni kisiwa, kisiwa si ni pwani? Nililala na nguo zote. Angalau mmekwepa vimbunga, hizo ni za kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi.

Wali utakula asubuhi mchana jioni, na baada ya kula wanachemsha maji kwa sufuria yenye ukoko wanakunywa, inaitwa ranon'ampango. Usikatae, mimi nilizoea mpaka nikirudi nikajaribu kwangu mama mkwe akauliza kwani sabuni imeisha. Lugha ni Kimalagasi na Kifaransa, Kiingereza usitegemee, lakini kuna maneno utashtuka vile yanakaribia yetu: ng'ombe ni omby, na mbwa kuna wanaomuita amboa. Wahubiri wenu wapunguze, mimi nilitayarisha dakika 40, ikitoka Kiingereza iende Kifaransa iende Kimalagasi watoto walikuwa wamelala na mimi mwenyewe nimesahau pointi ya pili. Soketi zao ni matundu mawili ya duara, chaja zetu haziingii. Na pasipoti ibaki na miezi 6, hiyo uangalie LEO.

Bado Niko Njoro
Na watu wakiuliza mtatuletea nini mnajibu aje? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

Katibu wa Safari, Nakuru
Asanteni sana. Nimepigia pasta wa kule kupitia kijana anajua Kifaransa. Hawataki rangi. Darasa lilipakwa mwaka jana 😂 wanataka mtu wa kuwafundishia vijana keyboard na mwingine anajua kushona, na wote wawili tunao kwa kwaya. Alhamisi tunaenda chanjo sisi 9 pamoja.

Pasipoti ya mama imefika na matatu ya jana jioni, mzee alifungua sanduku. Inaisha mwezi wa kumi. Kesho asubuhi naketi naye kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, aombe mpya.